Shajara ya mradi: gurudumu la milimita 75

11 Januari 2025

Tumeanza. Tupo wawili, mimi wa mitambo na mwenzangu wa umeme, na kila mmoja ana mwajiri anayemdai saa zake za mchana, kwa hiyo mradi huu utaishi Jumamosi na usiku. Tuna kompyuta moja ya maana, daftari hili, na kona ya karakana tuliyoazimwa hapa Dar es Salaam.

Kazi yenyewe ni kusanifu turbini inayozungushwa na kaboni dayoksaidi badala ya mvuke, kwa ajili ya umeme wa jua. Si jua la paneli. Ni lile la vioo: vioo vingi vinamulika kilele cha mnara, chumvi iliyoyeyuka inapanda ikiwa na nyuzi 290 na kushuka ikiwa na 565, inawekwa kwenye tenki, na joto lake linafua umeme hata saa nne usiku. Noor III kule Ouarzazate, Morocco, inafanya hivyo kwa megawati 150, ila kwa mvuke wa maji.

Nyumbani nimeulizwa: kwa nini gesi ya soda? Kwa sababu ikivuka nyuzi 31 na mgandamizo wa baa 74 kwa pamoja (baa moja ni karibu mgandamizo wa hewa inayotuzunguka), gesi hii haieleweki tena kama ni gesi au kimiminika. Inakuwa nzito kukaribia kimiminika, lakini inajaza chombo kama gesi. Ukiibana ikiwa katika hali hiyo, inabanika kwa nguvu kidogo sana. Ukiipasha joto kisha ukaiachia kwenye turbini, inakupa kazi kama gesi ya kawaida. Faida ni tofauti kati ya hayo mawili. Na kuipata si tabu: kule Rungwe, Mbeya, inachimbwa ardhini.

Malengo ya kuanzia: kilowati 100, nyuzi 550 kwenye mlango wa turbini (chumvi ya nitrati haistahimili joto la juu zaidi ya nyuzi 600 hivi, lazima tubaki chini), baa 200 kuingia, baa 80 kutoka. Tumechagua kilowati 100 kwa sababu kitu kidogo ni rahisi kutengeneza. Naandika sababu hiyo ili tuikumbuke.

19 Januari

Wiki nzima nimekokotoa kompresa, mashine inayoibana gesi kabla haijapashwa na kuingia kwenye turbini, kwa kanuni ya gesi ya shuleni, ile ya PV = nRT. Ikanipa kilojuli 59 kwa kila kilo ya gesi ili kuibana kutoka baa 80 hadi 200. Turbini inatoa 113. Yaani zaidi ya nusu ya kazi ya turbini inaliwa na kompresa kabla hata hujaunganisha jenereta. Nilikaa nayo siku mbili nikidhani mradi umekufa.

Mwenzangu, ambaye si mtu wa mitambo, ndiye aliyeuliza: "Lakini si ulisema hapo siyo gesi?"

Nikahamia kwenye CoolProp, programu ya bure inayotumia mlinganyo wa Span na Wagner wa 1996 kwa kaboni dayoksaidi. Hali ileile, nyuzi 32, baa 80: gesi ina uzito wa karibu kilo 600 kwa mita moja ya ujazo. Kazi ya kuibana ikashuka hadi takribani kilojuli 17, au 22 ukihesabu upotevu wa kompresa yenyewe. Thamani ya gesi hii yote iko hapo, na mimi nilikuwa nimeikokotoa kwa kanuni isiyoiona.

Tahadhari kwa atakayefuata njia hii: jirani na nukta ile ya mpaka, nusu nyuzi ya joto inabadilisha kila kitu. Programu yangu ilikuwa inakwama na kurudisha namba zisizo na kichwa wala miguu. Nimetengeneza jedwali la thamani mapema, hatua za nyuzi 0.1, na sasa inasoma humo. Kompyuta imeacha kupiga kelele.

1 Februari

Leo nimepata ukubwa wa gurudumu, na sababu ya kuchagua kilowati 100 imegeuka kichekesho.

Turbini ya aina tunayotaka, gesi inaingia kutoka pembeni na kutokea katikati, ina kasi inayoipenda. Ncha ya gurudumu ikienda takribani asilimia 70 ya kasi ambayo gesi ingefikia kama ingeachiwa itoke bure, ufanisi unakuwa mzuri. Kwetu gesi ingefikia mita 516 kwa sekunde, kwa hiyo ncha iende 361. Hilo halibadiliki, mtambo uwe mdogo au mkubwa. Kinachobadilika ni kipenyo, na kwa kuwa gesi ni nzito mno, kipenyo kinakuwa kichekesho:

kilowati 100: gurudumu la milimita 24, mizunguko 291,000 kwa dakika, urefu wa panga pale gesi inapoingilia milimita 1.2;
megawati 1: milimita 75, mizunguko 92,000, panga milimita 3.8;
megawati 10: milimita 237, mizunguko 29,000, panga milimita 12.

Sarafu ya shilingi mia inayozunguka karibu mara elfu tano kwa sekunde ndani ya gesi ya nyuzi 550. Nani atatuuzia beringi za kitu hicho?

Halafu kuna nafasi kati ya ncha ya panga na kifuniko. Lazima iwepo, la sivyo vitasuguana chuma kikipanuka kwa joto. Ukijitahidi sana unaacha milimita 0.2. Kwenye panga la milimita 1.2, hiyo ni sehemu moja kati ya sita ya mlango: gesi inapita juu ya panga bila kufanya kazi. Kwenye megawati 10, hata ukiacha 0.3, ni sehemu moja kati ya arobaini. Mtambo mdogo ndio mgumu.

2 Februari

Tumebishana hadi saa sita usiku. Mwenzangu anataka tubaki na kilowati 100 kwa sababu ndio ukubwa wa kijiji au kiwanda kidogo cha kusindika, na ndio maana alikubali kuingia. Ana haki. Lakini kijiji hicho kikihitaji kilowati 100, paneli na betri zitafika kabla yetu na kwa bei ndogo, na kila mtu hapa mjini anajua hivyo.

Tumeafikiana: usanifu wa karatasi ni megawati 10. Mfano wa kushika kwa mkono ni lile gurudumu la milimita 75, tutalizungusha kwa hewa baridi.

22 Februari

Nimesoma walikofika wenzetu, nisirudie makosa yaliyokwisha kulipiwa.

Mzunguko tunaotumia, yaani safari ya gesi kutoka kompresa hadi turbini na kurudi, ni ule wa kuigawa gesi na kuibana kwa kompresa mbili; Gianfranco Angelino wa Italia aliuchambua mwaka 1968. Kwa miaka mingi ulikaa kabatini. Mwaka 2004 Vaclav Dostal pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, alipata asilimia 45.3 ya ufanisi kwa nyuzi 550 na baa 200, akiwa na kinu cha nyuklia akilini. Programu yangu kwa hali zilezile inatoa 44 na kitu. Nimelala vizuri usiku huo.

Pale maabara ya Sandia, New Mexico, Marekani, Aprili 2022 walipeleka umeme wa mzunguko wa kaboni dayoksaidi kwenye gridi kwa mara ya kwanza: kilowati 10, kwa karibu dakika 50. Ukiwaza ni wino na fedha kiasi gani zilitangulia kilowati hizo 10, unapata adabu. Ni hao hao walioripoti nozeli za turbini, zile njia nyembamba zinazoirusha gesi kwenye mapanga, kulika: chembe za kutu zinabanduka kwenye mabomba, na gesi nzito inazirusha kama mchanga. Nimeongeza chujio kwenye mchoro, kabla ya nozeli, na nimekubali kupoteza mgandamizo kidogo.

San Antonio, Texas, kuna mtambo wa majaribio uitwao STEP, megawati 10. Joto lake linatoka kwenye gesi asilia, si jua, lakini turbini haijui tofauti. Mwaka 2024 waliizungusha kwa kasi kamili, mizunguko 27,000, ikiwa na nyuzi 500, wakatoa megawati 4. Turbini yenyewe inatosha juu ya meza ya ofisi. Yao gesi inapita kwa mstari wa shafti, yetu inaingilia pembeni, kwa hiyo si pacha. Ila nilipoona 27,000 yao na 29,000 yangu, nilimpigia mwenzangu simu saa tano usiku. Hakufurahia kama mimi.

15 Machi

Naandika baada ya futari. Leo ni zamu ya hali ya hewa, na ndiyo siku mbaya kuliko zote hadi sasa.

Eneo letu la karatasi ni Dodoma: ardhi ipo, jua lipo, maji hayapo. Kwa hiyo kupoza gesi kabla ya kompresa ni kwa rejeta kubwa ya feni, kama ya lori, wala si kwa mnara wa maji. Mchana wa Oktoba hewa ya Dodoma inafika nyuzi 30 au 31. Rejeta ya bei inayovumilika haiwezi kupoza gesi hadi ilingane na hewa. Inaacha pengo la nyuzi 15 hivi. Kompresa inapokea gesi ya nyuzi 45.

Angalia kinachotokea. Baa 80, nyuzi 32: karibu kilo 600 kwa mita ya ujazo. Baa 80, nyuzi 45: kilo 241. Tumetoka kwenye kimiminika tumerudi kwenye gesi, na kazi ya kubana imepanda kutoka 17 hadi karibu 30. Faida yote niliyoshangilia Januari inavuja saa saba mchana, saa ileile ambayo vioo vinafanya kazi kwa nguvu zote.

Miezi miwili nimekuwa nikinyoosha mapanga ya turbini nipate nusu asilimia. Nyuzi 13 za hewa ya Dodoma zimechukua karibu nne.

16 Machi

Dawa ipo, na haiko kwenye rejeta. Mgandamizo wa chini upandishwe. Nyuzi 45 kwa baa 100, gesi inarudi kuwa kilo 498. Ili turbini isinyimwe uwiano wake wa 2.5, mgandamizo wa juu nao unapanda hadi baa 250. Kazi ya kubana inashuka hadi karibu 24. Hatujarudi 17, lakini tumepanda kutoka shimoni.

Gharama ni mabomba mazito zaidi, na gurudumu dogo zaidi kwa kuwa gesi imezidi kuwa nzito: sasa milimita 212 na mizunguko 32,500. Ufanisi wa mzunguko mzima kwenye programu: asilimia 41 mchana wa joto. Usiku hewa ikipoa unapanda, na hapo tenki la chumvi linaanza kupendeza, maana si lazima ufue umeme wote mchana. Unaweza kuhifadhi joto na kulitumia hewa ikiwa upande wako.

Mwenzangu amesema hilo ndilo jambo la kwanza la maana nililosema tangu Januari, kwa sababu watu wanawasha taa usiku.

5 Aprili

Sikukuu imepita, hakuna kilichofanyika. Pilau lilikuwa zuri.

26 Aprili

Leo Muungano, siku nzima tumeitumia kwenye tenki.

Mzunguko wetu unarudisha joto jingi ndani yake wenyewe: gesi inayotoka kwenye turbini ikiwa bado na nyuzi 450 na ushee inapasha ile inayokwenda kupashwa. Ni jambo jema, ufanisi unatoka hapo. Lakini maana yake ni kwamba gesi inafika kwenye chumvi tayari ina nyuzi karibu 390, na chumvi haiwezi kurudi tenkini chini ya 400. Mtambo wa mvuke unaichukua chumvi kutoka 565 hadi 290. Sisi tunaichukua kutoka 565 hadi 400 tu. Kila tani ya chumvi inabeba joto la nyuzi 165 badala ya 275.

Kwa megawati 10 kwa saa kumi za usiku, tunahitaji takribani tani 3,500 za chumvi. Kama tungeweza kuipoza hadi 290, zingetosha 2,100. Turbini ndogo inayotosha mezani, na nyuma yake tenki lililonenepa kwa theluthi mbili. Sijaona picha za matangazo zinazoonyesha tenki.

Tumejaribu mzunguko rahisi zaidi, wa kompresa moja. Chumvi inarudi ikiwa imepoa zaidi, tenki linapungua, ufanisi nao unapungua. Hatujaamua. Mimi naelekea upande wa mzunguko rahisi, mwenzangu upande wa ufanisi. Ajabu ni kwamba Februari tulikuwa pande za kinyume.

10 Mei

Gerezani, mtaa wa mafundi hapa Dar. Niliambiwa kuna mzee anayekereza vitu ambavyo wengine wanakataa. Nimemkuta amekaa juu ya ndoo, ameinamia shafti ya pampu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo turbo imekufa au unakwenda kuiua?"

Nilikuwa nimebeba turbo ya lori, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa safi, niliyoinunua kwa wauza skrepa. Wazo langu ni hili: kitu pekee mtaani chenye gurudumu la milimita 75 linalozunguka karibu mara 90,000 kwa dakika ni turbo ya lori. Beringi zipo tayari, njia ya oili ipo tayari. Naondoa gurudumu la upande wa hewa safi, ambalo limebanwa kwa nati tu, naweka la kwetu. Gurudumu la upande wa moshi, ambalo limeunganishwa na shafti moja kwa moja, linabaki kama feni ya kubeba mzigo.

Nilimweleza kwamba mtambo wenyewe utafanya kazi kwa baa mia mbili na hamsini.

"Baa mia mbili na hamsini ziko Sinza," akasema, akimaanisha za bia, bila kuinua macho.

Kisha akainua. Alichukua turbo, akazungusha shafti kwa kidole, akaivuta mbele na nyuma asikilize mlegeo, akaitia kwenye mwanga. Akaingiza vibati vyembamba vya kuseti tapeti kati ya panga na kifuniko, kimoja baada ya kingine, hadi kikagoma. "Sufuri nukta nne. Hii ilikuwa inakula mafuta." Mimi nilikuwa na kurasa sita za hesabu zinazosema kitu hicho hicho.

Alitaka kujua kwa nini mapanga yetu ni mafupi na manene. Nikamwambia moshi wa lori mle ndani hauna hata kilo moja kwa mita ya ujazo, gesi yetu ina zaidi ya mia. Panga jembamba lingekunjwa. Akatikisa kichwa: "Kama kasia na feni." Nimeiba mfano huo, nitautumia kwenye ripoti bila aibu.

7 Juni

Gurudumu la kwanza la plastiki limechapwa ili tuone umbo. Mapanga 12. Mtoto wa jirani analitaka.

La aluminiamu mzee amekereza kiwiliwili, na mapanga yamekatwa kwenye mashine inayoongozwa na kompyuta mahali pengine. Limerudi na alama za kisu zinazoonekana kwa macho. Mzee amezipiga msasa kwa mkono kwa siku mbili, panga moja moja, na kupima uzito kwa kulining'iniza kwenye sindano mbili hadi likaacha kujigeuza upande mmoja.

Jaribio tumelipanga hivi. Hewa ya kompresa ya mtu wa matairi, inashushwa kwa regulata hadi baa 0.2 juu ya hewa ya kawaida. Kwa uwiano mdogo hivyo, hewa inataka mizunguko 31,000, siyo 92,000, na aluminiamu inaweza. Hewa inayohitajika ni gramu 45 kwa sekunde. Tenki la lita 300 likijaa baa 8 linatupa dakika moja, kisha tunasubiri robo saa lijae. Kasi tutaisoma kwa maikrofoni ya simu: mapanga 12 yakipita yanatoa mlio, gawanya mlio kwa 12 unapata mizunguko.

21 Juni

Tulizungushia kipande cha bomba nene la chuma, tukakaa nyuma ya ukuta. Sekunde ishirini za kwanza mlio ulipanda vizuri kama wimbo wa mbu. Kisha ukapasuka, ukakwaruza, kimya.

Nati imelegea. Gurudumu limesogea mbele na kusugua kifuniko, ncha za mapanga yote 12 zimeliwa.

Sikuelewa. Nilikuwa nimehakikisha mara tatu kwamba gurudumu letu linazunguka upande uleule ambao turbo ilikuwa inazunguka zamani, kusudi nati isifunguke. Mzee alikuja jioni, akaishika nati, akaifungua na kuifunga mara mbili.

"Zamani hili gurudumu lilikuwa linavutwa na shafti. Sasa lenyewe ndilo linavuta shafti."

Basi. Gurudumu la hewa likivutwa linabaki nyuma ya shafti kidogo, na kubaki nyuma huko ndiko kulikokuwa kunakaza nati. La kwetu linaitangulia shafti, na kutangulia kunaifungua. Upande wa kuzunguka ni uleule, upande wa nguvu umegeuka. Lazima tuchonge gurudumu jipya lililopinduliwa kama sura kwenye kioo, na nozeli zake pia. Wiki mbili na fedha ya mwezi.

7 Julai

Sabasaba, mji mzima uko viwanja vya maonyesho, sisi tuko gereji.

Gurudumu lililopinduliwa limekaa. Nati haikusogea, tumeipiga alama ya rangi ili tuione. Simu ilisoma mlio wa hezi 4,800, yaani mara 400 kwa sekunde, mizunguko 24,000. Hatujafika 31,000. Beringi za turbo zinapenda oili ya moto na nyembamba, yetu ilikuwa ya baridi.

Mzee aliweka kiganja mahali hewa inapotokea. "Inatoka baridi." Ndiyo. Hewa iliyofanya kazi imepoteza joto lake, na kwa mhandisi huo ndio ushahidi kuliko mlio wowote. Kama turbini ingekuwa kamilifu, hewa ingepoa kwa nyuzi 15.

12 Julai

Siku ya kupima nafasi. Tumeweka vibati vya unene tofauti chini ya kifuniko, gurudumu lilelile, regulata ileile, mizunguko ya kujaza tenki isiyohesabika. Kwa nafasi ya milimita 0.6 hewa ilipoa nyuzi 6.0. Kwa 0.45, nyuzi 6.9. Kwa 0.3, nyuzi 7.5. Kipimo chetu kinaweza kukosea nusu nyuzi huku au kule, kwa hiyo sitaapa kwa 0.45. Lakini kati ya 0.6 na 0.3 hakuna ubishi. Tulirudia mara nne.

Yaani milimita 0.3 ya hewa tupu imebeba kumi katika kila mia ya ufanisi. Umbo la panga nililolipinda na kulipindua tangu Februari halijawahi kunipa hata tatu.

Ufanisi wa jumla, karibu nusu, ni mdogo na sababu zinajulikana: alama za kisu, kasi pungufu, joto la oili linalopenya kwenye kifuniko. Hatutalichonga tena gurudumu kwa ajili hiyo.

2 Agosti

Nimerudi kwenye karatasi ya megawati 10 na macho mapya, na kazi imehama kutoka kwenye mapanga kwenda kwenye sili, vile vizuizi vya gesi kuvuja pale shafti inapotokea nje.

Shafti inatoka kwenye chombo chenye gesi ya baa 100 kwenda nje kwenye hewa ya kawaida. Lazima kitu kivuje. Kwa turbini yetu gesi inapita kilo 90 kwa sekunde. Tukivujisha asilimia 1 tu, ni kilo 0.9, na kuirudisha hiyo kutoka hewani hadi ndani kwa kompresa ndogo kunakula karibu kilowati 350. Asilimia moja ya gesi, asilimia tatu na nusu ya umeme. Ukiamua kuiachia, utanunua gesi kila siku, na mdomo wa bomba utaziba kwa barafu ya kaboni kwa sababu gesi hii ikiachiwa ghafla inaganda.

Sili zinazofaa zipo, zile zinazoelea juu ya utando wa gesi wenye unene wa maikroni (elfu za milimita) chache, lakini haziwezi kukaa karibu na nyuzi 550. Shafti lazima ipoe kutoka 550 hadi chini ya 200 ndani ya urefu wa kiganja, bila kupinda. Huko ndiko fedha za watu wa San Antonio zilikokwenda, sasa naelewa. Nimeongeza milimita 90 za shafti na mkondo mdogo wa gesi baridi kuizunguka. Urefu huo umeshusha kasi ambayo shafti inaanza kutikisika, na iko karibu mno na 32,500. Nimejaribu kipenyo cha milimita 5 zaidi. Afadhali, ila sili nayo inapanuka, na uvujaji unaongezeka.

Mzee ametuchongea sili ya mifereji, meno saba, kwa ajili ya turbo, tupime uvujaji wa hewa kabla na baada. Anasema meno yawe makali kama kisu, siyo bapa kama nilivyochora, na amechonga yake bila kuniuliza. Tutapima zote mbili. Jumamosi ijayo hatupati kompresa kabla ya saa nane, mtu wa matairi ana trela inayosubiri matairi kumi.